Reli Iliyoishia Ukingoni: Ujenzi wa Nchi kwa Kipimo Kidogo na Historia ya Ufipa

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo watu wazima huzitupia jicho la dharau imo kazi ya kujenga reli ndogo za mfano. Mtu amwonapo mwenzake ameinama mezani, kisu na gundi mkononi, akipachika mlango wa stesheni isiyozidi urefu wa kidole, husema kwamba mwenzake huyo amerudi utotoni. Hukumu hiyo ni ya haraka. Injini ndogo iendayo kwa umeme yaweza kununuliwa dukani na mtoto wa tajiri. Lakini milima, mito, madaraja, mashamba na nyumba zinazoizunguka haziwezi kununuliwa pamoja na ukweli wake. Hizo hujengwa, na ajengaye hulazimika kuijua nchi anayoijenga. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo ni mtihani wa elimu ya historia, na nchi tutakayoitumia katika mtihani huo ni ile ambayo reli haijapata kuifika: uwanda wa juu wa Ufipa, na hasa Pito, jirani na mji wa Sumbawanga.

Huenda msomaji akashangaa kwamba tumeacha Tanga, Morogoro, Tabora na Kigoma, miji yenye stesheni na historia ndefu ya gari la moshi, tukachagua mahali ambapo mlio wake haujasikika. Sababu itadhihirika kadiri tuendeleavyo. Kwanza yafaa tueleze kazi yenyewe ilivyoanza, na jinsi ilivyogeuka kutoka mchezo ikawa elimu.

Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya Ujerumani iliuza vitu vya kuchezea vya namna mpya: magari ya moshi yenye reli zake, ambazo mnunuzi aliweza kuziongeza kipande kwa kipande. Tangu hapo watoto wa wenye nacho katika Ulaya na Marekani walizungusha injini zao sakafuni. Kwa miaka mingi macho yote yalikuwa juu ya injini. Nchi iliyoizunguka ilikuwa zulia la sebuleni. Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1930. Mwingereza John Ahern alianza kujenga reli yake aliyoiita Madder Valley, na humo alitia miji, bandari, vichochoro na miti, hata gari la moshi likawa kama mpita njia katika nchi iliyo na maisha yake. Baadaye aliandika vitabu vya kufundisha ujenzi wa majumba na wa mandhari kwa kipimo kidogo.

Mwingine aliyekwenda mbali zaidi alikuwa Roye England. Huyu alitoka Australia, akafika Uingereza mwaka 1925, na huko aliona nyumba za kale za vijijini zikibomolewa au zikibadilishwa sura: paa za nyasi zikiondolewa, kuta za mawe zikifunikwa. Aliona kwamba muda si mrefu hapatakuwa na mtu wa kujua vijiji hivyo vilikuwaje. Basi alishika kazi ya kupima, kuchora na kujenga kwa kadi nyumba hizo moja moja, kwa kipimo cha 1 kwa 76, kila dirisha kwa hesabu yake na kila bomba la moshi kwa mahali pake. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa makumbusho ya Pendon, yaliyoanzishwa mwaka 1954 karibu na Oxford, na reli ya Ahern nayo ilihifadhiwa humo. Atazamaye humo huona gari la moshi likipita, lakini akikaa kidogo hutambua kwamba gari ni kisingizio tu. Kilichohifadhiwa ni nchi.

Nchini kwetu fikira hiyo si ngeni, ingawa imevaa nguo nyingine. Watoto wa Ufipa, kama watoto wa mahali pengi, hujitengenezea magari kwa mabua ya mahindi, waya na udongo. Nao hawasahau kuchora barabara yake mchangani, na kilima cha kupanda, na mto wa kuvuka. Katika miaka ya 1960 Makumbusho ya Kijiji yalianzishwa mjini Dar es Salaam, zikajengwa nyumba za makabila mbalimbali kwa kipimo chake kamili, ili mwananchi wa mjini ajue mwenzake wa mbali huishi katika nyumba ya namna gani. Kipimo ni tofauti, walakini nia ni ile ile ya Roye England: jengo lisipoandikwa kwa mkono wa mjenzi, mvua na mchwa watalifuta.

Sasa tuchukue meza, tuseme kwamba twataka kujenga juu yake Ufipa na reli zilizo karibu nayo. Neno la kwanza ni kipimo. Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani ni cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho mtu mzima hupata urefu wa milimita 20 hivi. Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1 baina ya pao na pao. Mezani huwa milimita 11 na nusu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Tanzania na Zambia kwa msaada wa China tangu 1970 hadi 1975, ina upana wa milimita 1,067. Mezani huwa milimita 12 na robo. Tofauti iliyo baina ya njia hizo mbili haifiki milimita 1 mezani, na mjenzi asiye mwangalifu atatumia reli moja kwa zote mbili, wala hakuna atakayegundua. Lakini katika nchi yenyewe tofauti hiyo ya milimita 67 huyazuia mabehewa ya njia moja kupita katika njia nyingine, na mizigo hulazimika kuhamishwa. Tazama jinsi kipimo kinavyoanza kumhoji mjenzi kabla hajakata hata ubao mmoja: je, aifuate kweli kwa gharama ya taabu, au aifiche kwa kuwa haionekani?

Neno la pili ni mwinuko. Ufipa imekaa baina ya maziwa mawili. Upande wa magharibi liko ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko yapata mita 770 juu ya bahari. Upande wa mashariki liko bonde la ziwa Rukwa, lenye kimo cha mita 800 hivi. Katikati nchi imeinuka kama meza iliyowekwa juu ya meza, na Sumbawanga iko yapata mita 1,800, huku milima ya Mbizi ikizidi hapo. Watu wengi, wakiulizwa kwa nini reli haikufika Ufipa, hujibu kwamba milima iliikataa. Jibu hilo husemwa kwa urahisi. Mkono unaojenga hauwezi kulipokea bila kulipima.

Tupime basi. Reli ya mizigo hupenda mteremko mpole. Tuseme mita 1 ya kupanda kwa kila mita 50 za kwenda. Kutoka ukingo wa ziwa lolote kati ya hayo mawili kupanda mita 1,000, zahitajika kilomita 50 za njia inayojikunja ubavuni mwa mlima, na ubavu huo ni mkali na umekatikakatika. Kazi hiyo ni ngumu, na anayesema kwamba kutoka upande wa maziwa mlima ulikuwa kizuizi anasema kweli. Lakini tukitokea kaskazini, Mpanda iko katika kimo cha mita 1,100 hivi. Kutoka hapo hadi Sumbawanga ni kupanda mita 700, yaani kilomita 35 za mteremko ule ule. Na njia ya kutoka Mpanda hadi Sumbawanga ina zaidi ya kilomita 200. Nafasi ya kupanda iko tele. Kutoka kusini, Tunduma yenyewe iko juu, na nchi kati yake na Sumbawanga haina ukuta wa kutisha.

Iko pia shahidi mwingine. TAZARA iliondoka pwani, ikavuka bonde la Kilombero, ikapanda ukuta wa milima baina ya Mlimba na Makambako kwa mahandaki na madaraja, hata karibu na Uyole, Mbeya, ikafikia kimo cha mita 1,790 hivi. Kimo hicho ni sawa na kile cha Sumbawanga. Kwa hiyo mlima uliodhaniwa kuikataa reli katika Ufipa haukuwa mgumu kuliko ule uliopandwa na TAZARA. Mjenzi wa meza, akiwa na rula na plasta tu, amekwisha kuivunja hoja iliyozoeleka, na amelazimika kutafuta sababu ya kweli mahali pengine.

Sababu yenyewe huonekana tukiangalia kila reli ilitaka kufika wapi. Reli ya Kati ilifuata kwa jumla njia ya zamani ya misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Shabaha yake ilikuwa ziwa na biashara iliyo ng'ambo ya ziwa. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Lilikatiza nchi ya miombo isiyo na milima mikubwa, likafika penye madini, likakoma. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960 njia ilibaki, lakini haikuwa na sababu mpya ya kusonga mbele. TAZARA ilizaliwa na siasa na shaba: baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya baharini isiyopita mikononi mwao. Madola ya Magharibi yalikuwa yamekataa kuijenga kwa kusema haitalipa. China ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Njia hiyo ilipita Tunduma, ikaingia Zambia.

Reli zote tatu, basi, zilijengwa kwa ajili ya kitu kilichokuwa mwisho wa njia. Ufipa haikuwa mwisho wa njia ya mtu yeyote mwenye mamlaka ya kujenga reli. Mazao yake ya nafaka hayakuhesabiwa na Wadachi wala Waingereza kuwa sababu ya kutosha. Hata baada ya uhuru, Rukwa ilipojulikana kuwa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, mahindi hayo yalishuka kwa malori. Mkulima wa Ufipa alilipia umbali huo katika bei ya gunia lake, mwaka baada ya mwaka. Hili si jambo la kumbukumbu tu. Ni deni lililolipwa kwa jasho la watu wanaojulikana kwa majina vijijini mwao.

Tukirudi mezani, neno la tatu ni majengo. Mjenzi wa reli ndogo huzoea kutia stesheni, tangi la maji, ghala, nyumba za wafanyakazi na daraja la chuma. Juu ya meza ya Ufipa hatuna hata moja katika hayo. Je, tuiache tupu? La. Uwanda wenyewe una sura yake: mbuga za nyasi ndefu zenye miti michache, tofauti na misitu ya miombo ya Mpanda. Nyuzi za katani zilizokatwa fupi na kupakwa rangi zaweza kusimama badala ya nyasi hizo. Mjenzi aamue kwanza ni mwezi gani, kwa kuwa Ufipa ya Februari ni ya kijani na Ufipa ya Septemba ni ya rangi ya majani makavu na majivu. Mashamba nayo yana alama yake. Wafipa tangu zamani hulima kwa kufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, ambamo huoza na kuirutubisha ardhi. Shamba lililopigwa mistari iliyonyoka, kama tulionavyo katika picha za nchi za kigeni, lingekuwa uongo mezani hapo. Matuta yafinyangwe moja moja kwa udongo, kila moja likiwa na upana wa punje chache za ulezi, kazi ya kumchosha mtu macho. Lakini akimaliza atakuwa ameielewa kazi ya mwanamke na mwanamume wa Ufipa kuliko msomaji wa kurasa 10.

Na jengo lililo kuu kuliko yote ni tanuru la chuma. Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma mashuhuri. Matanuru yao, yaitwayo malungu, yalijengwa kwa udongo, yakasimama kwa kimo cha mita 3 na pengine zaidi. Hayakupulizwa kwa mivukuto: urefu wenyewe wa tanuru ulivuta upepo kutoka chini, kupitia mirija ya udongo iliyopangwa kulizunguka tako lake, na moto ukawaka kwa nguvu ya pumzi hiyo. Chuma kilichotoka kilikuwa bado kina uchafu, kikasafishwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kisha mhunzi alipata jembe, shoka na mkuki. Kazi yote iliandamana na dawa na miiko, maana kuyeyusha chuma kulihesabiwa kuwa sawa na kuzaa.

Kwa kipimo chetu tanuru la mita 3 huwa na kimo cha milimita 34. Ni kitu cha kubanwa kwa vidole viwili. Lakini hakuna jengo litakalomuuliza mjenzi maswali mengi kama hili. Mlango wake ulielekea wapi? Matundu ya upepo yalipangwaje? Wapakiaji wa makaa na mtapo walifikaje juu? Makaa yalitoka msitu gani, madhali uwanda hauna miti mingi? Mavi ya chuma yalitupwa upande gani, na lundo lake lilikuwa kubwa kiasi gani? Mwandishi aweza kusema kwamba Wafipa waliyeyusha chuma, akaweka nukta na kwenda zake. Mjenzi hana nukta ya kumwokoa. Asipojua tundu lilikuwa wapi, mkono wake husimama.

Majibu mengine yamehifadhiwa. Padre Wyckaert aliandika juu ya wahunzi wa Ufipa mwaka 1914. Greig alieleza uyeyushaji wa chuma wa Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Na katika zama zetu Profesa Bertram Mapunda ameyachimba na kuyachunguza mabaki ya kazi hiyo huko Nkansi, akaonyesha kwamba malungu si namna pekee ya tanuru iliyotumika katika nchi hiyo. Lakini maandishi hayatoshi peke yake. Katika Buhaya, wakati wa miaka ya 1970, wazee walijenga upya tanuru la kale mbele ya wataalamu, na mambo mengi ambayo hayakuwamo katika kitabu chochote yalionekana katika mikono yao. Huo ndio ushahidi ulio wazi kwamba kujenga ni njia ya kukumbuka. Malungu kadhaa ya Ufipa yangali yamesimama, lakini mvua, mizizi na majembe ya wakulima huyapunguza. Na wazee waliowaona wayeyushaji kwa macho yao wamekwisha kututoka.

Hapa ndipo tanuru na reli vinapokutana, ingawa havikuwahi kuonana. Mwaka 1914, gari la moshi lilipofika Kigoma, malungu ya Ufipa yalikuwa yangali yakitoa moshi. Katika mwaka huo huo meli ya Wadachi, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ilikuwa ikiletwa vipande vipande ndani ya maelfu ya masanduku, kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa na kushushwa majini mwaka 1915. Ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba, ikitia nanga hata Kasanga, katika pwani iliyo chini ya uwanda wa Ufipa. Reli na meli zilirahisisha kuja kwa bidhaa za viwanda vya ng'ambo, na jembe la kiwandani lilikuwa miongoni mwa bidhaa hizo. Katika miongo iliyofuata malungu yakapoa. Mambo mengine yalichangia, kama kodi na vijana kwenda mbali kutafuta ujira. Lakini ni dhahiri kwamba reli iliyoshindwa kuja kuchukua mahindi ya Ufipa haikushindwa kuleta jembe lililomshinda mhunzi wake. Nchi iliyokuwa na elimu yake ya chuma ilipitwa na njia ya chuma pande zote mbili.

Sasa twaweza kujibu swali kubwa la mjenzi: je, juu ya meza ya Ufipa tuweke reli? Kuna namna mbili za mfano mdogo. Ya kwanza huonyesha kilichokuwako, ya pili huonyesha kilichotamaniwa. Zote mbili ni halali, mradi mjenzi aseme ni ipi aliyoifanya. Akiweka stesheni ya Pito, yenye paa la bati na ubao wa jina, na mabehewa yakipakia mahindi, ameandika ombi, na ombi hilo lina haki ya kusikilizwa. Lakini akiliita historia atakuwa amewanyima watu wa Pito malalamiko yao, maana atazamaye atadhani hawakukosa kitu.

Sisi twaona kwamba meza iliyo bora ni ile ya namna ya kwanza. Kaskazini ijengwe Mpanda, na reli ya milimita 11 na nusu ikomee kwenye kizuizi chake. Kusini ijengwe Tunduma, na reli ya milimita 12 na robo ipite ukingoni kuelekea Zambia. Magharibi, chini kabisa, Liemba iwe Kasanga. Katikati, juu ya uwanda mpana usio na reli, yawepo matuta ya ulezi, vijiji, malori barabarani, na tanuru moja la udongo lenye kimo cha milimita 34, lililobomoka upande mmoja. Magari ya moshi yaende na kurudi pembeni. Na atazamaye, baada ya kuchoka kuyafuata kwa macho, atauliza kwa nini hayapandi katikati. Swali hilo likiulizwa, mjenzi amekwisha kufundisha.

Wanafunzi wetu wa historia wamezoea kuandika, na kuandika ni kwema. Lakini yafaa chuo na shule zetu ziwape pia udongo, kadi, katani na rula, na kuwaambia wajenge walichokisoma. Watakayoyasoma yatakuwa na mapengo, na mapengo hayo yatawapeleka vijijini kuuliza na kupima. Malungu yaliyobaki Ufipa yapimwe sasa, yakiwa yangali na kimo cha kupimika.